Beberu Hatangulizwi

Mwezi uliopita nilipanda Mbinga kwenye arobaini ya Bwana Sefu, tajiri wangu wa kwanza na wa mwisho, maana baada yake sikuajiriwa tena na mtu. Pale uani kwake, watu wakiwa wamekaa kwenye majamvi wakingoja pilau, nikamsikia Osmund akiwasimulia vijana hadithi yangu. Amenenepa sasa, ana kitambi cha kuegemezea mkono, lakini sauti ni ileile ya kuuza. Alisema hivi, nayaandika kama yalivyonifikia: "Mnamwona mama huyu? Enzi zile tulikuwa na vigemu hapo nyuma ya duka. Siku moja nikamwachia anifunge. Alikuwa analialia kutwa, nikasema basi, dada wa watu." Vijana wakacheka. Na mimi nikacheka, maana ilikuwa shughuli ya marehemu na mjane wake alikuwa palepale. Osmund akanigeukia: "Au nasema uongo, Tilda?" Nikamjibu, "Wewe sema tu, kaka." Tangu Mbinga mpaka Liuli, njia nzima ya kushuka ziwani, nilikuwa natafuna majibu ambayo sikuyatoa. Nimefika nyumbani, kabla ya kumwuliza mtu habari za duka langu, nikakaa kuandika. Mimi si mwandishi. Nilimaliza kidato cha nne na matokeo yakaja mabaya, na tabia yangu ya kuandika mambo ya kila siku haijawahi kusomwa na mtu zaidi ya mimi. Tena naogopa kwamba hasira itanipindisha mkono. Kwa hiyo popote Osmund anapostahili haki yake nitampa, na pale nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki. Lakini kuniachia, hakuniachia.

Mwaka ule nilikuwa naishi Mbinga mjini kwa mama mdogo, na kazi yangu ilikuwa duka la Bwana Sefu la redio, betri, tochi na nyaya. Bwana Sefu alikuwa mtu wa Kilwa kwa asili, lakini alikuwa amekaa sana milimani hata koti halikumtoka. Nyuma ya duka kulikuwa na chumba kirefu chembamba chenye dirisha moja linalotazama uani. Ndani mlikuwa na benchi, meza ya fundi iliyojaa redio zilizopasuliwa matumbo, na jiko la mkaa ambalo miezi ya baridi lilihamishwa kutoka jikoni kwa Mama Zuhura, mke wa Bwana Sefu, likawekwa katikati ya miguu yetu. Harufu ya chumba kile naijua hata leo: risasi ya kuchomelea, mkaa, na msimu wa kahawa ukifika, vumbi la maganda lililopeperuka kutoka mashine za kukobolea na kukaa juu ya kila kitu, hata kwenye chai. Fundi wa meza ile alikuwa Osmund, kijana wa Matiri, Mmatengo, mikono yake miepesi kweli. Msaidizi wake alikuwa Dastan wa Mbuji, mpole, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Mimi nilikuwa wa kuuza mbele, na duka likipoa narudi nyuma. Hapa nitoe haki ya kwanza: Osmund ndiye aliyenifundisha kushika chuma cha kuchomelea, akanifundisha bila kunisumbua wala kunigusa vibaya, na duka nililonalo leo linasimama juu ya somo lile. Hilo nalijua, na bado namkasirikia.

Vigemu vyenyewe vilikuja katika shehena ya vitu vilivyotumika ambayo Bwana Sefu aliinunua Dar es Salaam bila kufungua. Vilikuwa vimashine vya kushika mkononi, vyenye kioo kidogo na vitufe, na ndani yake mchezo wa kufuga wanyama wa ajabu na kuwapiganisha. Wateja hawakuvitaka. Bwana Sefu akatuachia sisi wa nyuma, kila mmoja na chake, akasema angalau vitatuzuia kuzurura. Lugha ya mchezo hatukuielewa sana, tukawapa wanyama majina yetu na mambo yao majina yetu. Unamchukua mnyama akiwa mdogo, unamzungusha maporini akipigana na wengine, anakua, anajifunza mapigo, na wewe ndiye unayechagua apewe pigo lipi na asahau lipi. Kisha unaunganisha mashine mbili kwa waya, kila mtu na wanyama wake watatu, mnachagua kwa siri kwa wakati mmoja, na mashine inaonyesha kilichotokea. Tuliwagawa mafungu mawili. Kuna wapiga mbali, wale wa kutema moto, maji, baridi, umeme, ambao hawahitaji kumgusa adui. Na kuna wapiga mwili: wa pembe, ngumi, meno na kwato. Na ngozi nazo ziko mbili. Kuna mnyama mgumu kwa pembe lakini mlaini kwa moto, na kuna wa kinyume chake. Ukilijua hilo, umejua nusu ya mchezo. Nusu nyingine mimi nilikuja kuijua kwa machungu.

Mnyama wangu wa kwanza alikuwa Mbasa. Nilimwita hivyo kwa sababu alikuwa mrefu, mweupe, mwenye magamba, kama mbasa anayetoka kwetu ziwani, ila huyu alipaa na kutema baridi. Nilimlea jioni kwa jioni kwenye kochi la mama mdogo, miguu nimeifunika kwa kitenge, yeye akipepeta maharage na kuniuliza, "Huyo samaki wako hajakua tu? Wa kwetu angeshaliwa." Nilimlea kuwa mpiga mbali mtupu. Kila nilichopata nilikiweka kwenye pumzi yake, sikukiweka kwenye mwili. Nikampa pigo kubwa kuliko yote, pumzi ambayo ikimtoka inaangusha karibu kila kitu, ila baada ya hapo lazima apumzike raundi moja amelala chali, hata umbonyeze namna gani. Alikuwa mzuri kupita wote mle chumbani, na nasema hivyo bila kujisifu, maana Dastan mwenyewe alikataa kupigana naye. Kisha siku moja Osmund akaniambia, "Tilda, niazime Mbasa. Kuna jamaa Songea anajigamba, nakwenda kuchukua vipuri, nikamtie adabu. Nikirudi nakupa." Tukaunganisha waya, Mbasa akapita kutoka mashine yangu kwenda yake. Osmund akaenda, akamtia adabu jamaa wa Songea, akarudi akisimuliwa soko zima. Nilipomwomba mnyama wangu alikuwa anakula mhogo wa kuchoma, akatafuna mpaka akamaliza. "Ulinipa mwenyewe," akasema. "Mnyama hana hati. Tena wewe ungemfanyia nini? Si ungemlisha usipa, dagaa wenu wa ziwani." Chumba kizima kikacheka, hata wateja wawili waliokuwa wameleta redio. Nilirudi mbele kuuza betri. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na sikuwa nimewahi kutaka kitu kama nilivyotaka kumrudisha Mbasa na kumwona yule mtu akimrudisha kwa mkono wake.

Nililia, ndiyo. Hilo Osmund hakukosea. Nililia jikoni kwa Mama Zuhura nikikuna nazi, naye akaniambia, "Kalie mbali, mwanangu, utaniharibia mchuzi chumvi." Lakini kulia siku ya kwanza ni jambo moja na kulialia kutwa ni jingine. Baada ya siku ile nilinyamaza, na wanaonifahamu wanajua kwamba nikinyamaza ndipo nina jambo.

Katika mashine yangu nilibaki na wanyama ambao watu hawakuwataka. Mmoja alikuwa Konokono, mzito, mpiga mbali wa kutema maji. Wa pili Popo, mwepesi na dhaifu. Wa tatu Beberu, mbuzi dume mwenye pembe zilizojikunja, mpiga mwili. Bwana Sefu alipolisikia jina hilo alivua miwani: "Beberu? Sisi tulifundishwa shuleni kumpiga beberu, nyinyi mnamfuga?" Mle chumbani Beberu alikuwa na sifa mbaya. Kila aliyemjaribu alimtoa wa kwanza, akamrusha mbele na pembe zake, akafa. Na mimi nilifanya hivyohivyo. Osmund alikuwa na mnyama aliyemwita Jiko, wa moto, ambaye kazi yake haikuwa kuua bali kuunguza. Mpiga mwili akishaungua, nguvu zake zinashuka nusu, na vita nzima anabaki hivyo, anapiga pembe kama anayepangusa vumbi. Na kama Jiko hakutosha, alikuwapo Nungu, wa miiba, mgumu kwa pembe kama jabali, tena ukimgusa miiba inakurudi wewe. Nilipigwa mara nyingi sana. Kila nikipigwa Osmund alikuwa anasema kwa sauti ya kondakta, "Liuli, Liuli, mwisho wa gari!" Na Mbasa wangu alikuwa palepale katika watatu wake, akinitemea baridi, huku kioo kikionyesha jina nililompa mimi. Mashine ile ilikuwa hivyo: mnyama akihama, jina alilopewa na aliyemlea haliwezi kufutwa na mwingine. Sijui waliotengeneza walifikiria nini. Mimi nilikuwa naona jina lile na kuuma meno.

Kilichonifungua macho nilikisikia kwa kuibia sikio, na sioni aibu kusema. Ulikuwa mchana wa baridi kali, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, na mimi nilikuwa jikoni nikichambua mchele. Ukuta kati ya jiko na chumba cha nyuma ulikuwa wa mbao. Nikamsikia Dastan akiuliza, "Lakini yule Beberu akikupata mzima si atakumaliza?" Osmund akacheka. "Akinipata mzima ananimaliza, ndiyo. Akishapiga mganda mara moja tu, hapa hakuna wa kumshika." Mganda tuliita pigo moja la Beberu ambalo halimpigi mtu. Anapiga kwato chini kama wanaume wa ziwani wakicheza mganda siku ya sikukuu, na nguvu na mbio zake zinaongezeka maradufu. Sikuwahi kulitumia, maana raundi unayocheza mganda ni raundi ambayo adui anakupiga bure. "Sasa kwa nini huogopi?" Dastan akauliza. "Kwa sababu hawezi kusubiri yule," Osmund akasema. "Watu wa ziwani, bwana. Akiona kitu kinametameta tu, kashatupa wavu. Kila siku Beberu wa kwanza, Beberu wa kwanza. Mimi namwekea Jiko tu mlangoni." Mama Zuhura alikuwa ananitazama. Alisikia kila kitu kama mimi. Akasema taratibu, "Mchele huo umeshachambuliwa, mama. Unachambua mara ya pili."

Kuanzia hapo nilijifunza upya, na nikajifunzia nyumbani ili mtu asinione. Nilielewa kwamba mpiga mwili si wa kufungua vita, ni wa kuifunga. Kabla hajatoka inabidi ujiulize: nani wa kumwunguza yuko hai bado? Huyo afe kwanza, tena auawe na mwingine, mpiga mbali, ambaye akiungua hapungukiwi kitu. Nani mgumu kwa pembe? Huyo apunguzwe kwa maji mpaka pembe moja imtoshe. Halafu Beberu asiingie kwa kubadilishwa akapokea kipigo mlangoni; aingie baada ya mwenzake kufa, mzima, bila jeraha. Na ipatikane raundi moja, moja tu, ambayo adui hawezi kumpiga, acheze mganda. Nilimjaza nguvu za mwili na mbio, sikumpa hata tone la kitu kingine. Nikampa pigo moja la pembe lisilokosea badala ya lile kubwa linalokosea, ingawa lile kubwa lilikuwa linapendeza zaidi. Mama mdogo akasema nimeanza kuongea peke yangu. Lakini mbele ya Osmund niliendelea kumtoa Beberu wa kwanza na kupigwa, na kuambiwa Liuli mwisho wa gari. Niliona uchungu kila mara. Hata sasa najiuliza kama huo ulikuwa ujanja au udanganyifu, na sijapata jibu ninaloliamini.

Sasa kuna jambo la sinia. Mchana wanaume wa duka walikula pamoja kwenye sinia moja, chumba cha nyuma, na sisi wanawake tulikula jikoni. Osmund alikuwa ameliita sinia lile sengu. Kwao Matiri, alitueleza mara nyingi, zamani wanaume wa ukoo walikula pamoja, kila nyumba ikileta chungu chake, na kesi zote zikisemwa hapohapo penye chakula. Hiyo ndiyo sengu. Kwa babu yake, alisema, aliyeshindwa kesi alichinja jogoo, wote wakala, na aliyekosewa akishatia mkono kwenye jogoo yule, neno lile limekufa, hairuhusiwi kulitaja tena mpaka kaburini. Alipenda sana kulisimulia hili, akilamba vidole. Basi siku moja Dastan, na sikumtuma, akasema kwenye sinia, "Kama hii ni sengu, mbona kesi ya Tilda haijasemwa?" Nilikuwa mlangoni na jagi la maji. Osmund akasema, "Kesi gani? Mwanamke hana kesi kwenye sengu, anasemewa." Dastan akasema, "Basi namsemea mimi. Uliazima, hukurudisha."  Bwana Sefu, ambaye mambo ya Kimatengo yalimchekesha lakini ya kuazima hayakumchekesha, akameza tonge lake. "Osmund, uliazima?" "Niliazima, mzee, lakini..." "Lakini weka pembeni. Mimi hayo mashetani yenu siyajui. Yapiganisheni. Akikufunga, mrudishie. Ukimfunga, nisisikie tena kelele hizi dukani kwangu." Osmund akapumua, akacheka, akapiga goti lake. "Sawa! Tena mzee, akinifunga namchinjia jogoo kama kwa babu. Jogoo mzima." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kula. "Karibu sengu, dada. Njoo na mbuzi wako."

Tulipigana Jumapili alasiri, duka limefungwa, tumetoka kanisani kila mtu kwake, mimi kwa Waanglikana, wao kwa Wakatoliki. Bwana Sefu alikuja na kiti chake. Mama Zuhura alisimama mlangoni na upawa mkononi, akasema anapita tu, na hakupita. Osmund alikaa upande wa dirisha, mimi upande wa jiko la mkaa, waya katikati yetu. Akamtanguliza Jiko, kama nilivyojua. Mimi nikamtanguliza Konokono. Nakumbuka alivyokunja uso, kidogo tu. Alikuwa ameshachagua kuunguza, Jiko akamwunguza Konokono, na Konokono, ambaye hana haja na nguvu za mwili, akamtemea maji yakambakiza Jiko na uhai kama wa kibiriti kilicholowa. Osmund akamrudisha Jiko ndani haraka, akamtoa Nungu. Hapo Dastan hakuweza kujizuia: "Mtoe Beberu, Tilda! Mtoe sasa!" Bwana Sefu akamwambia, "Nyamaza wewe, si kesi yako tena." Sikumtoa. Nungu ni jabali kwa pembe lakini maji yanampita. Konokono akatema, akatema, huku moto aliounguzwa ukimla taratibu, mpaka akafa mwenyewe, na Nungu akabaki na theluthi yake.

Osmund akasema, "Haya, sasa anakuja mbuzi," akamwita Nungu ndani, akamrudisha Jiko mlangoni amngoje. Hilo lilikuwa kosa, na nilimwona akilifanya kwa furaha. Niliyemtoa alikuwa Popo. Popo hana nguvu, lakini ana mbio, na Jiko alikuwa na uhai wa kugusa tu. Akaguswa, akazimika. Mama Zuhura akasema, "Heee."  Osmund akamtoa Mbasa. Kile kioo kikaandika jina, na mimi nilikuwa nimemtamani muda wote ule na sasa nilikuwa naye mbele yangu kama adui. Popo alikuwa wa kuuawa na pigo lolote, hata lile dogo kabisa la Mbasa. Osmund alichagua pumzi kubwa. Alimpiga nzi kwa rungu. Alisema kwa sauti, na wote waliokuwapo walisikia, "Ngoja nikuonyeshe samaki wako anavyofanya kazi akiwa na mwenyewe." Kioo kikawa cheupe chote. Popo akafa.

Na Mbasa akalala chali. Ilikuwa lazima apumzike raundi nzima, nilimfundisha mwenyewe pigo lile na nilijua gharama yake. Nikamtoa Beberu, mzima, hana jeraha, hajaungua, na aliyekuwa wa kumwunguza keshakufa. Sikupiga. Nikacheza mganda. Kwato zikapiga chini, na mkaa ulikuwa unapasukapasuka. Hapo ndipo nilipomwangalia Osmund badala ya kioo. Alikuwa anabonyeza kitufe. Alikibonyeza tena na tena, kwa kidole gumba kilichopauka kwa kukandamiza, kile kitufe ambacho hakifanyi chochote mnyama akiwa amepumzika, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Raundi ikapita. Sasa Beberu alikuwa na mbio kumpita Mbasa. Nilijua mwili wa Mbasa ulivyokuwa laini, maana ni mimi niliyeweka kila kitu kwenye pumzi nisiweke kitu kwenye mwili. Kwa mpiga mbali mwingine angehimili. Kwa pembe, pembe moja ilitosha. Nikabonyeza. Sikufurahi nilipomwona akianguka. Nilifurahi sekunde iliyofuata, nilipomwona Osmund. Akamtoa Nungu, theluthi yake ile. Beberu akamgonga, miiba ikamrudi, akayumba, akabaki amesimama na uhai mwembamba kama uzi. Nungu hakubaki.

Nimelipima neno la Osmund, kwamba aliniachia, kwa siku nyingi sasa, kwa sababu niliahidi haki. Inawezekana kweli alitumia pumzi kubwa kwa makusudi ili nipate raundi yangu. Alikuwa naye Mbasa kwa miezi, hakuna asilolijua juu yake. Inawezekana alinionea huruma. Hakuwa mtu wa moyo wa jiwe, alishampa Dastan kazi wakati kwao Dastan hakukuwa na chakula. Pengine amelisimulia hivyo kwa miaka mpaka ameliamini, na mtu anayeamini hadithi yake si mwongo sawasawa. Yote hayo nayaweka mezani. Lakini nakiweka na kile kidole gumba. Mtu anayekuachia hagombani na kitufe kisichofanya kazi.

Alimrudisha Mbasa palepale, kwa waya, bila kunitazama. Nami sikuondoka, maana nilitaka kuona jogoo. Alimleta Jumatano, jogoo mwekundu wa kwao Matiri, mkubwa, alikuja naye amemfunga miguu na kumning'iniza kwenye baiskeli. Bwana Sefu ndiye aliyemchinja kwa mkono wake, ili sote tule. Mama Zuhura akampika kwa nazi na bizari nyembamba, akasonga ugali wa sembe nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi pale nikaitwa kwenye sinia la chumba cha nyuma. Wakanisogezea nafasi kwenye benchi, kati ya Bwana Sefu na Dastan. Osmund alikuwa amevaa shati safi. Alimega paja, lile la kulia, akaliweka upande wangu wa sinia, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake kabla wala baada, "Karibu, Tilda. Tia mkono yaishe." Nikajua kwamba alimaanisha, na nikajua kwamba nikila, usipa, mwisho wa gari, mnyama hana hati, yote hayo nitakuwa nimeyameza na sitakuwa na ruhusa ya kuyataja tena. Mama Zuhura alikuwa amesimama na jagi na beseni, akingoja ninyooshe mikono. Mvuke ulikuwa unanipiga usoni. Dastan akaninong'oneza, "Nawa basi, wote tunakungoja wewe." Bwana Sefu alikuwa anatazama tu. Nikanyanyuka, nikashusha kitenge changu vizuri.

"Asanteni," nikasema. "Nimeshiba."

Nilikuwa sijatia kitu kinywani tangu asubuhi.